Nyumba kwa Nia ya Marehemu Zaituni

Zaituni binti Nassoro alisikia jina lake likisomwa kati ya majina ya maiti, siku ya Ijumaa baada ya Laasiri, uani mwa madrasa ya mtaa wa Wabajuni mjini Kismayo. Mkononi alikuwa ameshika kikombe cha chai, na hakukimwaga. Hilo la kutomwaga chai alilikumbuka baadaye na kulistaajabia. Mkono ulitulia kama si wake.

Maalim Sharif alikuwa amesimama upande wa wanaume, karatasi kaisogeza karibu na pua, maana miwani yake ilibaki kioo kimoja. Wanawake walikaa nyuma ya pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja. Ada ya hapo ni kwamba mtu akichangia jambo la heri hutaja na nia yake: nimetoa kwa ajili yangu, au kwa mama yangu, au kwa babu aliyekufa sijazaliwa. Maalim huandika, kisha siku ya kukusanyika husoma yote kwa sauti, walio hai kwanza, wafu baadaye, na kila jina huitikiwa Amina. Walio hai walikuwa wamekwisha kusomwa.

"Hussni wa dukani, boriti arubaini, kwa nia ya baba yake."

"Amina."

"Watu wa Chovai walioko Mombasa, chokaa, tanuu zima, kwa nia ya wazee wao wote waliolala visiwani."

"Amina."

"Abdulmalik bin Nassoro wa Chovai, kiwanja alichoacha marehemu baba yake hapa Kismayo, mtaa huu huu, nyuma ya kisima, kwa nia ya dada yake marehemu Zaituni binti Nassoro, aliyekufa askari. Mungu amweke pema."

"Amina," wakaitikia watu, na sauti ya Zaituni ikiwamo. Kinywa kilitangulia, akili ikabaki nyuma.

Vigelegele vikapasuka. Khairat, mwenzake wa jeshini, mwanamke mnene mwenye mguu mmoja mzima na mmoja wa chuma, alimpiga kiwiko cha mbavu.

"Naa, Kaluni! Mbona umekaa kama gunia? Piga kigelegele! Tumepata kiwanja! Mungu amrehemu huyo Zaituni, kufa kwake kumetufaa."

Zaituni akajaribu kupiga kigelegele. Ilitoka pumzi tupu.

Kaluni ndilo jina walilomjua nalo. Kwa Kisomali ni samaki. Siku ya kwanza kambini, miaka kumi na mitatu nyuma, mtu mmoja aliuliza huyu Mbajuni atafanya nini jeshini, atawavua maadui kwa mshipi? Wakacheka, na jina likabaki. Mwanzoni lilimuuma, baadaye akalivaa kama alivyovaa magwanda. Jina la kwao alilikunja akaliweka mbali, na alikuwa na sababu yake.

Yeye, Khairat na wenzao walikuwa wanawake sita. Wote walikuwa askari, na wote walitolewa jeshini na kitu kimewaharibika: huyu mguu, yule mgongo, mwingine hana jeraha unaloweza kulionyesha kwa kidole, lakini ukimwita kwa nyuma anakugeukia na ngumi. Sikio la kulia la Zaituni lilifia langoni mwa kambi. Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake wanaoingia, kwa kuwa mwanamume hawezi kumpapasa mwanamke wa mtu, na siku hiyo gari la tatu kwenye foleni lililipuka. Hiyo ni miaka miwili sasa.

Walikaa katika banda la bati karibu na bandari, kwa hisani ya mwenye ghala, naye alikwisha kuwaambia kwamba mwezi ujao banda lake analitaka. Na hata asingelitaka, bati lenyewe lilikuwa likiwamaliza. Kunguru akitua juu, kucha zake tu, kra kra kra, wanawake sita wako chini ya vitanda. Mvua ya kwanza ya masika Khairat alikutwa amemlalia bibi wa jirani aliyekuja kuomba makaa, eti amkinge na risasi, na bibi wa watu chini yake anapiga shahada.

Sabah, aliyekuwa muuguzi wa jeshi na sasa ndiye mkubwa wao, akasema siku hiyo hiyo: "Hatuponi ndani ya ngoma sisi. Tunataka nyumba ya mawe. Kuta nene, dari ya boriti na chokaa juu yake, kama nyumba za wazee wetu. Nyumba isiyosema."

Akaanza kuchangisha. Akatuma sauti yake kwa simu Mombasa, akatuma Ulaya, akatuma visiwani. Kila mtu alisikitika, na kila mtu aliahidi bati. Sabah akajibu kwa adabu kwamba wanashukuru ila bati hawalitaki. Akaulizwa ombaomba gani hawa wanaochagua. Bwana mmoja wa Mombasa hakuuliza, alituma mabati sitini. Yakaegemezwa ukutani, na wanawake wakayafunga matambara kati ya moja na jingine yasigongane upepo ukivuma.

Ndiyo maana habari ya kiwanja iliwapandisha wazimu wa furaha. Mawe yapo, chokaa ipo, boriti zipo. Kilichokosekana ni mahali pa kuziweka, na sasa marehemu Zaituni amewapa.

Watu walipotawanyika, Zaituni alibaki. Maalim alikuwa akikunja mikeka.

"Maalim, nina suala."

"Uliza, binti."

"Mtu akitoa sadaka kwa nia ya maiti, na yule maiti hajafa, inakuwaje?"

Maalim Sharif akaweka mkeka chini. Masuala ya namna hii aliyapenda, na siku hizi hakuna aliyemletea. "Sadaka haipotei," akasema. "Thawabu zitamngoja mwenyewe huko mbele. Lakini ikiwa kilichotolewa ni mali ya urithi, na huyo anayedhaniwa kafa ana fungu ndani yake, hapo kuna neno. Huwezi kutoa fungu la mtu aliye hai bila ridhaa yake. Wakfu huo hausimami. Nani kakutuma uulize?"

"Hajanituma mtu. Mimi ndiye maiti."

Akainua nikabu.

Maalim alikuwa amewahi kusomesha Chovai kabla ya kuhamia mjini. Huyu msichana alifundishwa naye Juzuu Amma kwa fimbo ya mkoko. Alimtazama kwa jicho la upande wenye kioo, akarudi nyuma hatua moja, akakaa mahali ambapo hapakuwa na mkeka, vumbini, na kanzu yake nyeupe.

"Audhubillahi," akasema. Kisha akasema, "Hitima yako niliisoma mimi." Kisha, baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayeungama wizi: "Wali wa arubaini yako niliula."

"Lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Na mama?"

"Mama yako alilia sauti ikakatika. Siku tatu alikuwa akifungua kinywa, hakitoki kitu."

Zaituni akashika nguzo ya uani. Miaka tisa nyuma. Mwaka ule ule kaka yake Abdulmalik alikuja kumwona hapa Kismayo, kwenye lango la bandari, jua kali. Zaituni alikuwa amepata ruhusa ya Idi, amekwisha nunua leso ya kumpelekea mama, ya rangi ya zabarajadi, kijani cha kito. Abdulmalik hakukaa hata kumaliza soda. Alisema: "Usije Chovai. Mama kasema hana binti." Basi. Neno hilo Zaituni alitembea nalo kambi hadi kambi, bara huko ambako bahari haionekani, akalala nalo, akaamka nalo. Hakutuma salamu tena. Aliporudi mjini, sokoni kwa samaki hakukanyaga, asikutane na mtu wa kwao akamtemea mate.

Kumbe huko nyumbani walikuwa wanamwombea rehema.

"Laiti usingeniambia," Maalim akasema kutoka vumbini. "Sasa nimejua. Hati ile siwezi kuiandika."

Hilo Zaituni hakuwa amelifikiria. Alikuwa amekuja kudai uhai wake, na kumbe ndio unaowanyima wenzake nyumba.

Alifika bandani akawakuta Sabah na Khairat wamekwisha kukipima kiwanja kwa hatua, Khairat akihesabu hatua za mguu wa chuma kuwa ndizo za haki maana hazichoki. Akawaambia yote, toka jina hadi wali. Khairat alifungua mdomo ukabaki wazi.

"Kwa hiyo mimi nimekipigia kigelegele kifo chako?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa ubavuni pangu unanisikiliza?"

"Ndiyo."

Khairat akajipiga kofi shavuni, la kweli, likalia. Kisha akafikiri. "Naa, Kaluni, hebu sikia. Umekufa miaka tisa. Mwezi mmoja utakushinda? Kaa umekufa tu hadi tuezeke dari. Tukishapaka chokaa, ufufuke."

Sabah akamtupia kiatu. Lakini Zaituni aliona kwamba wote watatu walikuwa wamelifikiria neno lile kwa makini kabla kiatu hakijarushwa.

Maalim alimwita Abdulmalik kwa simu, akamwambia kuna jambo la hati, asiseme zaidi. Jumapili asubuhi Abdulmalik akaja na mashua ya injini, mzee kuliko umri wake, ndevu zimeingia mvi, kofia ya kufuma mkononi. Alipoingia uani akamkuta dada yake amekaa ngazini, uso wazi. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomshtua Zaituni.

"Salaam aleikum, Zaituni."

"Maiti haitiki salamu."

Abdulmalik akakaa ngazi ya chini yake, akampa mgongo kidogo, kama mtu anayeogopa kuonekana uso. Akaanza kusema, na alisema kama aliyekuwa ameyapanga maneno yale kwa miaka.

Walikuja watu watatu, wale wapiganaji wa msituni, ambao wakati huo walikuwa wakitembea visiwani kama kwao. Asubuhi, si usiku. Walikuwa na adabu. Walikunywa chai ya mkewe, wakaisifu. Kisha mmoja akauliza: nyumba hii ina msichana anayevaa magwanda ya serikali? Wiki iliyopita walikuwa wameuliza swali hilo hilo kisiwa cha pili, na yule baba aliyejibu ndiyo hajaonekana tena.

"Nikasema alikuwapo, kafa. Nilidhani wataondoka. Yule mmoja akasema, inna lillahi, basi kesho tutakuja kuhani msiba." Abdulmalik akageuka. "Watakuja kuhani, Zaituni! Na hakuna matanga! Ningefanya nini? Nikaenda kumwambia mama kwamba umeuawa na umezikwa hukohuko."

"Ungemnong'oneza ukweli."

"Mama? Mama ambaye akiwa na zawadi ya Idi mtu anaijua tangu Ramadhani? Walikuja kweli. Walikaa mbele yake wakamtazama machoni, dakika kumi nzima. Kilio chake ndicho kilichowatoa. Wangeona jicho kavu, tungekwisha sote, na yeye wa kwanza."

Zaituni aliona chumba, mama yake sakafuni amelegea, na wanaume watatu wanachunguza machozi kama wachunguzavyo sarafu.

"Na mimi? 'Mama kasema hana binti'?"

"Ulikuwa waja Idi."

"Ungeniambia mimi ukweli!"

"Ungekuja kwa ukweli huo huo. Nakujua. Ungekuja na bunduki."

Ni kweli, angekuja na bunduki.

"Na walipoondoka? Miaka mitano wameondoka visiwani, kaka. Mitano!"

Abdulmalik akazungusha kofia. "Kila mwaka nilisema mwaka huu. Unaanzaje? Niambie wewe, unaanza kwa neno gani? Unamwambia, mama, zile hitima tisa... unaanzaje?" Akajifuta pua kwa kofia. "Niliposikia kuna askari wanawake wanachangisha nyumba, nikauliza ni akina nani. Nikaambiwa yupo Mbajuni mmoja sikio moja halisikii, wanamwita Samaki. Sikuwa na njia nyingine ya kukupa fungu lako. Nikakupa na langu."

Kwa hiyo alijua. Kiwanja kile cha sadaka kwa maiti kilikuwa cha mtu hai tangu mwanzo, na aliyekitoa alikuwa akilipia ulimi wake. Zaituni alishindwa kujua kama amkabe au amshike mkono, akaishia kuyatazama magoti yake.

"Nakuomba kitu kimoja," Abdulmalik akasema. "Mama ana presha. Akikuona atakufa, na safari hii atakuwa kafa kweli mmoja wetu. Weka ridhaa yako kwa siri, Maalim aandike, nyumba isimame. Wewe baki ulivyo."

"Nibaki nimekufa."

"Hadi... hadi baadaye."

Maalim Sharif, aliyekuwa dirishani akijifanya anapanga misahafu, akakohoa. "Kuna la pili," akasema. "Mjane wa Nassoro ana thumni yake, fungu moja katika manane, katika kiwanja kile. Hati haisimami bila kidole chake. Nimekwisha kumpelekea habari. Anakuja Alhamisi."

Siku nne hizo Zaituni hakula kitu cha maana. Angeweza kukaa bandani Alhamisi, akaweka kidole chake Jumatano kwa siri, na wenzake wakapata kuta nene. Mama angerudi Chovai na presha yake salama. Yote yangekuwa sawasawa, isipokuwa yeye. Sabah hakumshauri. Alichukua tu mashine yake ya kupimia presha, akabadilisha betri, akaiweka mkobani.

Alhamisi asubuhi Zaituni alivaa nikabu, akaenda na wenzake.

Bi. Mwanabibi alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Alikuja na bakuli la halua lililofungwa kitambaa, na hakuuliza habari ya hati kwanza. Aliuliza wako wapi wale askari. Akaonyeshwa mkeka wa wanawake, akaja akakaa kati yao, akawagawia halua kwa mkono wake, mmoja mmoja.

"Wanangu," akasema, "mwanangu alikuwa mwenzenu. Zaituni. Kuna mchu alomjua? Sikuambiwa alikufaje. Nataka kujua tu kama aliumia sana, au ilikuwa mara moja."

Alikuwa amekaa kuumeni kwa Zaituni, upande wa sikio lililokufa, na swali lile alimwelekezea yeye. Zaituni aliona nikabu yake mwenyewe ikitikisika kwa pumzi ya mtu anayesema, lakini neno halikuingia. Bi. Mwanabibi akangoja, akaona huyu hana la kumjibu, akamgeukia Khairat.

"Wewe mama, ulimjua?"

Khairat, ambaye tangu azaliwe hakukosa jibu, alijaza halua mdomoni mashavu yakavimba, akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka kwa wingi.

"Uliza jingine, mama," Sabah akasema haraka.

"Sina jingine."

Maalim akafungua karatasi. Abdulmalik alikaa mlangoni, rangi imemtoka. Maalim akasoma, kisauti chake kinapanda na kushuka: "Warithi wa marehemu Nassoro. Mjane, Mwanabibi. Mwana, Abdulmalik. Binti, Zaituni."

"Ruka hapo," Bi. Mwanabibi akasema.

"Siwezi kuruka, Bi. Mwanabibi."

"Kwa nini? Mwanangu yuko kwa Mola wake. Ruka."

Maalim akamtazama Abdulmalik. Abdulmalik akafungua kinywa, kikafanya kama kinywa cha mama yake siku zile tatu: hakikutoka kitu.

"Kwa sababu nimekaa hapa, mama," Zaituni akasema, na akainua nikabu.

Abdulmalik aliruka kumdaka mama yake, mikono mbele. Sabah alikwisha toa mashine. Lakini Bi. Mwanabibi hakuanguka, na mikono ya mwanawe ikabaki hewani haina cha kudaka. Alimtazama Zaituni. Alimtazama paji, akamtazama kidevu, akatazama sikio lenye kovu. Bakuli la halua lilikuwa bado mapajani mwake, wima.

"Kitanda chako," akasema, "nimempa Fadhila wa jirani."

Abdulmalik akashusha mikono.

"Nilikitoa sadaka. Na sanduku. Na zile leso zako zote nimegawa."

"Haidhuru, mama."

"Haidhuru vipi? Utalala wapi?"

"Mama..."

"Kila Alhamisi nimekusomea Yasini. Yeo ni Alhamisi, nimesoma mashuani." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. "Miaka tisa. Zilikuwa zikienda wapi?"

Zaituni aliliona lile gari la tatu. Aliona alivyogeuza shingo sekunde ile, bila sababu, bila mtu kumwita, na bamba la chuma likapita mahali uso wake ulipokuwa.

"Zilifika," akasema. Akagusa sikio. "Nyingine zilifika."

"Ndoo," mama akasema, akimwita kwa mkono. "Ndoo hapa, nikuone."

Zaituni akaenda kwa magoti. Mama akamshika uso kwa viganja viwili vyenye samli ya halua, akamnusa utosini kama anuswavyo mtoto mchanga, na hapo ndipo Bi. Mwanabibi akapiga ukelele. Ulikuwa ni ule wa miaka tisa nyuma uliokatika ukabaki kooni, sasa umetoka wote. Watu wa kisimani waliusikia. Uani, wanawake watano walikuwa chini papo hapo, mikono juu ya vichwa, mguu wa chuma wa Khairat umenyooka kama mzinga, na Maalim Sharif naye kalala kando yao na karatasi yake asijue kwa nini.

Walipoinuka wakijipangusa, wakamkuta Bi. Mwanabibi amenyamaza, binti yake kifuani, akimtazama Abdulmalik juu ya kichwa cha Zaituni. Abdulmalik alikuwa amepiga magoti mlangoni.

"Wale watu, mama," akasema. "Walikuwa wakija kuhani..."

"Nawakumbuka. Niliwapa kahawa." Akampangusa Zaituni samli shavuni. "Uliniacha nikawapa kahawa."

Hakumwambia neno jingine siku hiyo. Alimgeukia Maalim. "Chana hiyo karatasi. Andika nyingine. Mimi na mwanangu huyu tunatoa kwa nia zetu wenyewe, na tuko hai."

"Na fungu la Abdulmalik?"

"Litoe. Yeye usimwandikie nia. Atabeba mawe."

Sabah akafunga mashine mkononi mwa mama, akaangalia namba, akaiangalia tena. "Subhanallah," akasema. "Ni nzuri kuliko ya Kaluni."

Abdulmalik alibeba mawe. Alibeba na chokaa, safari baada ya safari, na watu wa Chovai walipopata habari walikuja ufukweni kumwangalia akipakia, wengine wakimcheka, wengine wakimlaani, mzee mmoja akidai arudishiwe mbuzi aliyemchangia katika matanga. Kazi iliyomshinda ilikuwa moja, ile ya kitanda. Mama yake alimtuma kwa Fadhila, kwa kinywa cha mtu wa tatu maana bado hakusema naye, aende akaombe sadaka irudi. Fadhila alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamwambia kwamba amezaa mara tatu juu ya kitanda kile na haoni atamwelezaje mumewe. Abdulmalik alikwenda mara nne. Ya tano Fadhila akamwambia chukua, na aibu yako chukua.

Kikafika Kismayo mchana wa Jumatano, kimepinduliwa miguu juu ya shehena ya chokaa, na Abdulmalik amekaa katikati ya miguu minne, mweupe kichwa hadi vidole.

"Naa, maiti wetu!" Khairat akapiga kelele kutoka kiwanjani. "Jeneza lako limewasili!"

Kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Dari bado. Yale mabati sitini yalikuwa yamepata kazi hatimaye: yamelazwa chini yakifunika shimo la chokaa, mawe mazito juu yake, yametulia. Bi. Mwanabibi akaonyesha kwa kidole chumba cha kona, kitanda kikapitishwa juu ya ukuta, kikawekwa. Akatandika mwenyewe. Leso aliyotandika ilikuwa ile ya Idi aliyopewa na binti yake hatimaye, ya rangi ya zabarajadi, mikunjo yake haijafunguliwa miaka tisa.

"Lala," akamwambia Zaituni.

"Mchana huu, mama? Mbele ya mafundi?"

"Lala nione."

Zaituni akalala, sikio zima juu, mbingu juu yake, mafundi wakigeuza nyuso kwa adabu. Mama akakaa miguuni pake kwenye ukingo wa kitanda. Kunguru mmoja alikuja akizunguka. Zaituni alimwona akikunja mbawa, akiteremsha kucha, na mwili wake wote ukakaza kungoja.

Kunguru akatua juu ya ukuta wa mawe. Zaituni akangoja sauti. Haikuja.

Akangoja tena.